PAMBA YA KIBOKO NA GOZI YA DUKANI

Dondosha pamba ya shambani kwenye bakuli la maji. Itaelea. Kisha dondosha ile ya hospitali. Itazama. Zote ni selulosi, lakini ya shambani imevaa nta, na nta haipatani na maji. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Birmingham, Uingereza, Joseph Sampson Gamgee, alikuja na kifungio cha kidonda cha pamba iliyovuliwa nta, kikafyonza damu na usaha. Si uchawi: pamba huchemshwa kwa sodakali, hupaushwa, husuuzwa.

Kwetu pamba ya kuuza ilikuja kwa kiboko cha Mjerumani. Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa, Maji Maji ikaanza. Agosti vita vikafika bonde la Kilombero: kituo cha askari cha Ifakara kikavamiwa, na tarehe 30 boma la Mahenge likashambuliwa. Baadaye njaa iliua wengi kuliko risasi.

Ifakara hiyo hiyo ikageuka mji wa tiba. Ikapata Hospitali ya Mtakatifu Fransis, na kituo cha ukoma cha Nazareti, na mwaka 1957 maabara ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi. Dunia inaijua kwa malaria na vyandarua. Vidonda havina sifa hiyo. Lakini mwenye ukoma aliyekufa ganzi mguuni hukanyaga mwiba asijue, na kidonda chake hudai gozi safi miezi na miezi.

Hapa ndipo ninapokereka. Gozi ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa nafasi, basi. Kina mama wa Ifakara wamefuma vitambaa vizito kuliko hivyo kwa mitambo ya mikono. Nilipomuuguza shangazi yangu, katika hospitali nisiyoitaja, muuguzi alinipa kikaratasi: kanunue gozi dukani. Boksi lilitoka ng'ambo, wakati pamba yetu nyingi huuzwa nje kabla haijasokotwa.

Mtaalamu ataniambia gozi lazima iuliwe vijidudu. Kweli, lakini mtungi wa mvuke hospitali kubwa wanao. Kinachokosekana ni pipa la sodakali, mtu wa kupima usafi, na mnunuzi wa kuaminika. Bohari ya Dawa ingetosha.

Kidonda cha shangazi kilifunga wiki ya tisa. Boksi lile analo bado, anawekea vifungo.