Kwa nini nyanya inanyauka wakati mkonge unadunda?

Msimu uliopita bi mkubwa alinipa miche ya nyanya nikaipande shambani. Mimi nikaihamisha saa saba mchana, jua la utosi. Kufika jioni nusu imelala, hela imekwenda. Nikamsingizia muuza mbegu. Pembeni hapo mkonge umesimama, haujamwagiwa hata kikombe. Ikabidi nifukue madaftari ya baiolojia.

Iko hivi. Jani limefunikwa na utando wa nta ambao karibu haupitishi maji. Sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90, inatokea kwenye vitundu vidogo sana viitwavyo stomata. Kila kitundu kina seli mbili za ulinzi: zikijaa maji kinafunguka, zikilegea kinafunga. Mmea hauwezi kuvifunga muda wote, maana kabonidayoksaidi ya kutengenezea chakula inaingilia humohumo.

Huamini? Chuma majani manne ya mwembe yanayolingana. Moja lipake mafuta ya mgando juu tu, la pili chini tu, la tatu pande zote, la nne liache. Paka na pale kikonyo kilipokatika, kisha yaning'inize kwenye kamba ndani. Baada ya siku kadhaa lisilopakwa na lililopakwa juu yatakuwa yamesinyaa, mengine bado yana afadhali. Stomata za mwembe ziko chini, upande wa kivuli. (Mimi nilitumia mafuta ya dada, ugomvi wake acha tu.)

Nyanya sasa ina stomata pande zote mbili, na nta yake nyembamba. Vile vinywele vinavyoacha harufu mkononi kazi yake kubwa ni kusumbua wadudu, sio kubana maji. Ukihamisha mche mizizi inakatika, jua linavuta, maji yanayotoka yanazidi yanayoingia.

Mkonge, aliouleta Mjerumani Richard Hindorf Tanganyika mwaka 1893, una nta nene na unafungua stomata usiku, kukiwa na ubaridi. Mchana umefunga duka! Mvinje wa ufukweni nao una ujanja wake: zile "sindano" ni vitawi, majani yenyewe ni magamba madogo, na stomata zimejificha kwenye mifereji ya vitawi, upepo hauzipati vizuri.

Safari hii nimehamisha saa kumi na moja jioni, nikamwagilia, nikaweka kivuli cha makuti. Bi mkubwa anaihesabu kila asubuhi. Hadi leo haijapungua hata mmoja.