Alama za Risasi na Bati za Mahujaji wa Zamani

Tukisikia habari za sanaa ya Kikristu katika Karne za Kati, mara tunawaza makanisa makuu na vikombe vya dhahabu. Lakini maskini wa nyakati zile walikuwa nao na sanaa yao: alama ndogo za risasi na bati, walizonunua mahali pa hija na kuzishona juu ya kofia.

Fundi alichonga sura ndani ya jiwe, kinyume, halafu akamimina madini. Risasi na bati vikichanganywa huyeyuka upesi, hata kwa moto wa kuni. Basi kalibu moja ilitoa alama nyingi za bei ndogo. Santiago de Compostela, huko Hispania, alama ilikuwa gamba la kombe wa baharini. Chartres, huko Ufaransa, ilikuwa kanzu ndogo, sababu pale waliheshimu vazi la Bikira Maria. Hata asiyejua kusoma alitambua mwenzake ametoka wapi.

Tutazame hasa Canterbury, Uingereza. Askofu mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Mwaka 1173 Papa Alexander III alimtangaza kuwa mtakatifu. Mahujaji walichukua maji ambayo, walivyosema, yalichanganywa na tone la damu yake, wakayatia katika vichupa vya bati na kuvivaa shingoni. Je, hiyo si hirizi tu? Swali hilo si geni kwetu mapadri, tunaobariki medali na kuziona baadaye zimefungwa kiunoni mwa mtoto mgonjwa. Basi tusome maneno ya Kilatini yaliyo juu ya baadhi ya vichupa: yanasema Tomasi ni mganga bora wa wagonjwa walio wema. Neno lile la mwisho ni zito. Hirizi haiulizi mtu ana moyo gani. Mwenye kichupa hiki aliulizwa.

Hatusemi kwamba wote walielewa hivyo. Huko Aachen, Ujerumani, umati ulizuia watu kukaribia masalio, nao wakainua vioo vidogo ili kushika mwanga wake kwa mbali. Biashara ilikuwa kubwa: Johannes Gutenberg mwenyewe, kabla ya kupiga chapa Biblia, alishirikiana na wenzake wa Strasbourg kutengeneza vioo hivyo kwa hija ya 1439, nayo ikaahirishwa mpaka 1440.

Alama nyingi zimeokotwa katika matope ya mto Seine, Paris, na mto Thames, London. Nyingine zingali na vitanzi vyake vya kupitishia uzi.