Kura ya Joginder na Mzunguko wa Senna

Mtu aliyetoka Mpanda kwenda Sitalike wakati wa masika, zamani kabla lami haijafika, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwamba motokaa ina tabia yake na dereva ana tabia yake, na kwamba safari nzima ni sulhu baina ya tabia hizo mbili. Udongo mweusi wa mbuga za Katavi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe, ukinyeshewa siku mbili tu huwa kama uji, na lori lililokuwa likienda kwa fahari likaanza kuyumba mkia kama ngalawa iliyokatika usukani. Nakumbuka malori mawili ya aina moja, yote yamepakia mahindi, yakikabili bonde lile lile. Dereva wa kwanza aliingia kwa gia nzito, mguu mwepesi juu ya mafuta, usukani akiuachia ucheze kidogo mikononi, wala hakugusa breki hata mara moja. Wa pili alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena, akililazimisha gari lifuate pua alikotaka yeye, na tope likaruka hadi juu ya turubali. Wote wawili walivuka. Sisi watoto tulimshangilia wa pili. Mautingo wazee walimsifu wa kwanza, nami tangu siku ile sijaacha kuitafakari tafauti hiyo.

Afrika ya Mashariki ilipata mizani ya kuipimia mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na baadaye yakawa desturi ya Pasaka, yaani katikati ya masika yenyewe, wakati ardhi haitoi ahadi kwa mtu. Hapakuwa na uwanja wa kuzunguka. Palikuwa na maelfu ya kilomita za barabara za watu wote, zenye mabasi, mifugo na mito iliyofurika, na aliyechelewa kufika kituoni alitozwa alama kwa dakika alizopoteza.

Mwaka 1964 alikuja Mswidi Erik Carlsson na Saab ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele. Gari la namna hiyo likiingizwa konani kwa kasi, pua hukataa kupinda, ikataka kwenda moja kwa moja porini. Na dawa aliyoijua Carlsson ni kuuacha mguu wa kulia juu ya mafuta ilhali wa kushoto unagusa breki, hata mkia ukalegea na pua ikatii. Siku gari lilipozama topeni, yeye na mwenzake Gunnar Palm walilibiringisha ubavu kwa ubavu mpaka likatoka, wakaendelea na safari, wakamaliza wa pili nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes. Peugeot 404 ilikuwa na tabia nyingine kabisa: husukumwa na magurudumu ya nyuma, springi zake ni ndefu na laini, na konani mkia ndio hutangulia kuteleza, basi dereva sharti ageuze usukani upande ule unaokimbilia mkia, kwa kiasi, bila ghadhabu. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, aliielewa adabu hiyo barabara, akashinda Safari mwaka 1966 na tena 1967.

Baina ya hao wawili yuko Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyefikia daraja ya juu kuliko wote. Mwaka 1965 nafasi ya kuondoka ilitolewa kwa kura, na kura ikamwangukia namba moja. Aliyetangulia hakula vumbi la mtu, na tope alilikuta halijapondwa na magurudumu ya wenzake. Walakini kila shimo na kila daraja lililochukuliwa na maji alilikuta yeye kwanza, pasipo alama ya kumwonya. Yeye na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kabla hawajaipata, walitangulia kuondoka, wakatangulia kurudi. Joginder alikuwa fundi wa magari, akijua sauti ya chuma kinachoomba rehema. Mwaka 1974, mvua zikiwa nyingi mno, alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya 1600, akimwacha wa pili Björn Waldegård na Porsche yake, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali.

Katika mashindano ya Formula One kura hiyo haipo. Huko Ulaya nako zamani nafasi za kuanzia aghalabu zilipangwa kwa kura, hata ilipofika mwaka 1933 mjini Monaco, ambako kwa mara ya kwanza katika Grand Prix madereva walipangwa kwa kadiri ya wepesi wao katika mazoezi. Tangu hapo ukazaliwa ustadi wa peke yake, ustadi wa mzunguko mmoja wa kugombea nafasi, ambao ndani yake zamani mtu hakuwa na haja ya kuhifadhi tairi wala injini kwa ajili ya kesho.

Ni Monaco hiyo hiyo, mwaka 1988, iliyonirudisha kwenye malori yale mawili. Ayrton Senna wa Brazili na Alain Prost wa Ufaransa waliendesha McLaren za namna moja, zenye injini za Honda za turubo. Prost alishika breki mapema na kwa upole, akaliweka gari sawa kabla ya kona, mikono yake ikitulia hata mtazamaji akadhani anatembea. Senna, gari likiwa bado limo konani, aliudonoa mguu wa mafuta mara nyingi kwa haraka, kwa sababu injini ya turubo huchelewa kuitika, naye alitaka aikute macho, na mkia wa gari ukiwa ukingoni mwa kuteleza wakati wote. Siku ya kugombea nafasi Senna alizunguka kwa dakika 1 na sekunde 23.998, Prost, aliyemfuatia, kwa dakika 1 na sekunde 25.425. Katika barabara isiyotimia kilomita 3 na nusu, na kwa gari lile lile, tafauti hiyo ilikuwa kubwa ajabu, na hadi leo siwezi kuitaja bila moyo kunidunda.

Jumapili Senna aliongoza mizunguko 66. Katika wa 67, Prost akiwa mbali nyuma yake na hakuna wa kumsumbua, akagonga ukuta wa chuma penye kona ya Portier. Akashuka, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwake, hapo hapo mjini, na Prost akavuka mstari kwa mikono iliyotulia vile vile.