Nyumba ya Masista Bagamoyo: Kutoka makao ya watawa hadi makavazi

KATIKA mji wa kale wa Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, lipo jengo kongwe ambalo wageni wengi hulipita upesi wakielekea kuutazama mnara wa kanisa la kwanza la misheni. Jengo hilo ni Nyumba ya Masista, lililojengwa mwaka wa 1876 kuwa makao ya watawa wa Kikatoliki. Siku hizi ni makavazi.

Mnara una sifa yake, kwa kuwa maiti ya David Livingstone ililazwa humo mnamo Februari 1874. Lakini ni Nyumba ya Masista inayobeba habari za watu ambao majina yao hayakuandikwa sana vitabuni: wasichana waliokombolewa kutoka utumwani.

Watawa wa kwanza walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa mwaka wa 1849 katika kisiwa cha Réunion, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kukomesha utumwa katika makoloni yake. Shirika hilo liliwapokea hata wanawake waliokuwa watumwa, jambo lililowashangaza wengi zama hizo. Mwishoni mwa mwaka wa 1860, masista sita walifika Unguja pamoja na padri aliyeitwa Fava. Mwaka wa 1863 misheni ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner.

Unguja ilikuwa finyu kwa kazi waliyoikusudia, nayo mashamba yalihitajika. Hivyo mwaka wa 1868 mapadri walivuka bahari na kuweka makao Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara ilikomea. Hiyo ndiyo iliyokuwa misheni ya kwanza ya Kikatoliki kwenye pwani ya bara ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Watoto waliolelewa hapo walinunuliwa sokoni Unguja, au walikabidhiwa misheni baada ya manowari za Uingereza kukamata majahazi yaliyowabeba.

Mwaka wa 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na Bagamoyo na kuharibu sehemu kubwa ya misheni. Msiba huo ndio uliofungua enzi ya majengo imara. Ujenzi wa Nyumba ya Mapadri ulianza mwaka wa 1873, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Miaka mitatu baadaye ikafuata Nyumba ya Masista. Ijapokuwa soko lilikuwa limefungwa, biashara ya magendo iliendelea, na watoto wakazidi kuletwa.

Chini ya uangalizi wa masista, wasichana walifundishwa dini, kushona, kupika na kuuguza wagonjwa, na pia walilima. Walipokomaa waliozwa kwa vijana waliolelewa upande wa mapadri. Kila jozi ilipewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Maisha yalikwenda kwa mlio wa kengele, na wanakijiji walitakiwa kuyafanyia kazi mashamba ya misheni. Wapo waliolalamika, na wapo waliotoroka. Kwa hiyo jengo hili haliwezi kusimuliwa kama hadithi ya wema mtupu. Lilikuwa kimbilio na pia mahali pa amri.

Wakati wa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, mwaka wa 1888 na 1889, raia wengi walikimbilia misheni kujiokoa. Wajerumani walipoyahamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka wa 1891, Bagamoyo ilianza kufifia. Wamisionari nao walikuwa wakiisogeza kazi yao Morogoro, Kilimanjaro na Kenya. Shirika hilo hilo lilifungua misheni Bura, Taita, na mwaka wa 1899 ile ya Mtakatifu Austin jijini Nairobi.

Kwa msomaji wa Kenya, historia hii si ngeni. Mnamo 1875, mwaka mmoja tu kabla ya Nyumba ya Masista kujengwa, Waanglikana wa shirika la CMS walianzisha Freretown, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, wakiwa na lengo lilo hilo la kuwapa makao waliokombolewa. Kengele ya huko ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, linalotajwa kila siku na abiria ambao huenda wengine hawajui asili yake.

Leo ndani ya Nyumba ya Masista mgeni huona minyororo, picha za zamani na kumbukumbu za misheni. Mwaka wa 2006, Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ndiyo kikomo chake, katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Orodha pekee haizuii ukuta kubomoka. Hewa ya chumvi na mvua za masika hula chokaa mwaka baada ya mwaka, na majengo ya kale ya pwani hudumu pale tu yanapotunzwa. Livingstone ana kaburi lake Westminster Abbey, London. Kwa wasichana wa Bagamoyo, nyumba hii ni miongoni mwa alama chache zilizosalia kuthibitisha kwamba waliishi.