Hii Video Inaongea na Nani?

Leo posti ni ndefu kidogo, kwa hivyo kaa na chai yako. Kuna swali niliulizwa kando ya barabara kule Kajiado, na tangu siku hiyo limekataa kutoka kichwani.

Wanaonifuata wanajua nilikotoka. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, nikarudi Kitengela na simu yenye kamera nzuri pamoja na deni la rafiki. Nikapiga picha za harusi, za vibanda vya chipsi, na za ploti zinazouzwa "karibu na lami" hata kama lami yenyewe huioni. Mwaka jana nikapata kazi ya kuongoza kontenti na chapa kwenye akselereta moja. Kwa asiyejua, akselereta ni programu inayochukua startapu chache, inazipa mafunzo ya miezi mitatu hivi na pesa kidogo, halafu mwishowe inazisimamisha mbele ya wawekezaji. Mimi ndiye wa nembo, rangi, picha, posti, na ile video ya dakika mbili inayochezwa kabla mwanzilishi hajashika maiki.

Video moja kati ya hizo ndiyo iliyoniletea aibu.

Mwanzilishi alikuwa mama wa makamo. Anakusanya maziwa kutoka kwa akina mama wa maboma, anayapoza, anayaleta Kitengela kwa hoteli na vibanda, kisha anawalipa kwa simu kila Ijumaa. Skripti iliandikwa ofisini kabla hata hatujamtembelea: jua linachomoza, shanga, kibuyu, ng'ombe kwenye vumbi. Sauti ya Kiingereza ikasema kwamba kabla ya biashara hii, akina mama hao walikuwa wanamwaga maziwa. Niliihariri mwenyewe, na kusema ukweli nilijivunia. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Kisha video ikafika kwenye simu za maboma. Vijana wa huko wakawatafsiria mama zao. Jumatatu iliyofuata maziwa yakaja nusu. Jumanne ikaja mitungi mitatu tu. Kwa Mmaasai maziwa ni mali ya mama wa nyumba, ndiye anayeamua ya watoto ni yapi na ya kuuza ni yapi. Kumwambia dunia nzima kwamba anayamwaga ni kumtukana jikoni kwake.

Nikaenda kuomba msamaha. Tulisimama kando ya barabara ya Namanga, nikajitetea: "Mama, ile video ilikuwa ya kukusaidia." Akanitazama bila hasira. "Kijana wangu, hiyo video ilikuwa inaongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma jinsi sisi Wakenya tulivyojifunza kuuza biashara changa kwa maneno na picha. Nilichokipata ni kwamba swali la mama lina historia ndefu.

Tuanze na M-Pesa, kwa sababu kila mkufunzi wa akselereta huanza nayo lakini huruka sehemu tamu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache. Wakati huo wazo halikuwa kutuma pesa. Safaricom na Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walitaka wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Basi. Lakini wateja wakafanya mambo yao. Wengine wakatumiana pesa. Wengine wakaweka pesa kwenye simu asubuhi, wakasafiri, wakazitoa walikofika ili wasiibiwe njiani.

Kampuni ingeweza kuwaambia wanatumia vibaya. Badala yake ikawatazama. Ilipozindua huduma nchi nzima Machi 2007, ile habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo likabaki na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Hapo hakukuhitajika maelezo. Kila aliyekuwa na kazi mjini alikuwa na mtu nyumbani, na alijua taabu ya kutuma bahasha kwa basi au kumkabidhi binamu anayesafiri halafu usali afike nayo. Kabla mwaka huo haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja. Jina lenyewe lina "pesa" ndani yake, hata shosho hahitaji kutafsiriwa.

Sasa uliza swali la mama. Tangazo lile liliongea na nani? Na anayetuma na anayepokea. Kama bodi na wafadhili walilipenda, sawa, lakini halikutungwa kwa ajili yao.

Mfano wa pili ni Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walitengeneza ramani ya intaneti ambako Mkenya angetuma habari ya alichokiona. Jina likawa neno la kawaida la Kiswahili. Halikueleza teknolojia, lilikueleza wewe unaombwa kufanya nini: toa ushahidi. Miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na jina halikubadilishwa.

Halafu ikaja enzi ambayo sisi watu wa kontenti ni watoto wake. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Bishop Magua Centre, barabara ya Ngong. Zikafuata Nailab, m:lab na 88mph. Mfumo wa akselereta wenyewe ulizaliwa Marekani mwaka 2005 na Y Combinator: kundi la startapu, miezi michache, kisha siku ya kujionyesha mbele ya wenye pesa. Ukaja Nairobi pamoja na lugha yake. Na mji ukapewa jina jipya, Silicon Savannah.

Liangalie vizuri jina hilo. Nusu ni bonde la California, nusu ni picha ya kalenda ya watalii. Mama mboga wa soko la Kitengela hajawahi kusema anaishi Silicon Savannah. Jina lile lilikuwa linaongea na mtu aliye kwenye ndege.

Sisemi watu wa wakati huo walikuwa wabaya. Bila iHub pengine hata kazi yangu isingekuwepo. Ninachosema ni kwamba msikilizaji alibadilika. M-Pesa ilikuwa na mteja wa kumshawishi. Startapu ya akselereta ina mwekezaji wa kumshawishi kwanza, mteja atafuata. Na mwekezaji akiwa mbali, hadithi hunyooshwa hadi imfikie: shida inakuwa kubwa kuliko ilivyo, mwanzilishi anakuwa shujaa, na watu wa kijijini wanakuwa mandhari.

Hata majina yanaonyesha mvutano huo. Programu ya mikopo iliyoingia Kenya mwaka 2014 kwa jina Mkopo Rahisi baadaye ikawa Tala, jina linaloweza kusafiri nchi yoyote. Sokowatch, wanaowapelekea bidhaa wenye maduka madogo, wakaenda upande mwingine, mwaka 2022 wakawa Wasoko. Zote mbili zilikua, kwa hivyo sitakudanganya kwamba jina la Kiswahili ni dawa. Ila kila jina linakuambia mwenye kampuni siku hiyo alikuwa amemgeukia nani.

Tukirudi kwetu Kajiado, mambo haya ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1911 iliundwa Magadi Soda Company, na miaka iliyofuata reli ikajengwa kutoka Konza, ikapita Kajiado hadi Ziwa Magadi, kubeba magadi ya viwanda vya ng'ambo. Mwaka huohuo wa 1911 Waingereza walifanya mkataba wa pili na Wamaasai, na watu wa Laikipia wakahamishwa kuletwa kusini pamoja na mifugo yao. Ole Gilisho na wenzake walipeleka kesi mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ikasema mkataba ule ni jambo la mataifa mawili, haina uwezo wa kuliamua. Yaani ukishahamishwa unaitwa taifa, ili usisikilizwe kama raia.

Mimi siyo mwanahistoria, lakini hapo niliona umbo lilelile. Ardhi iko hapa na watu wako hapa, ila karatasi imeandikwa kwa lugha ya mtu aliye mbali, na yeye ndiye inayeongea naye.

Miaka mia moja baadaye, palepale reli ya Magadi inapoachana na reli kubwa, serikali ikanunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili kujenga Konza, mji wa teknolojia. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013. Picha za kompyuta za maghorofa ya kioo zilikuwa zimezunguka dunia kabla jengo la kwanza halijasimama. Huku kwetu picha zile ziliongea na madalali wa ploti kwanza, na wameendelea kuzitumia. Hata mimi nimewahi kulipwa kuziweka kwenye bango.

Na sura ya Mmaasai? Hiyo imekuwa chapa ya watu wengine muda mrefu. Mwaka 1996 viatu vya Uswisi vilipewa jina la Masai Barefoot Technology. Louis Vuitton walileta miraba ya shuka kwenye mavazi yao ya wanaume ya mwaka 2012. Ndipo likaja shirika la Maasai Intellectual Property Initiative kudai kwamba anayetumia jina na sura hiyo kibiashara aombe ruhusa na alipe. Mwaka 2018 kampuni ya nguo ya Uingereza, Koy, ilikubali kulipa. Niliposoma hayo nilifunga simu. Jua linachomoza, shanga, kibuyu. Mimi sikuwa nimeomba ruhusa, nilikuwa nimesaini fomu za akina mama kwa haraka, fomu za Kiingereza, nikawaonyesha tu pa kuweka kidole.

Kiswahili cha branding ni chapa. Huku Kajiado chapa ni ile alama anayochomwa ng'ombe, na kila mtu anajua kanuni yake: ng'ombe anawekwa chapa na mwenyewe. Ukimkuta mgeni anachoma ng'ombe wa watu alama, humwiti mbunifu. Unampigia polisi simu.

Basi nikarudi, safari hii bila skripti. Nikakaa siku mbili, nikauliza, nikanyamaza. Kumbe maziwa hayakuwa yanamwagwa hata siku moja. Shida ilikuwa maziwa ya jioni. Mnunuzi alikuwa anapita asubuhi tu, na bila pa kuyapoza, maziwa ya jioni hayafiki kesho yakiwa salama. Kwa hivyo yalikuwa yanaliwa nyumbani, yanagandishwa, yanapewa jirani. Mama huyu aliweka mtambo wa kupoza, na sasa wanaoamua kuuza ya jioni wanaweza. Neno ni wanaoamua. Hiyo ndiyo biashara yake yote, na video yangu ya kwanza haikuitaja.

Tukatengeneza nyingine ya dakika moja. Akina mama wanaongea Kimaa na Kiswahili, wanaeleza bei, siku ya malipo, na maziwa yanayokataliwa ni yapi na kwa nini. Hakuna muziki wa huzuni. Waliitazama kwanza wao, wakakata sehemu mbili, mmoja akataka aonekane na leso yake mpya, tukarudia. Ndiyo iliyotumwa kwenye simu za maboma. Mitungi imerudi, ingawa si yote. Mama mmoja aliyekuwa analeta lita nyingi hajarudi hadi leo, na simlaumu.

Ofisini nilisema video ya kwanza iondolewe. Nikaambiwa ile mpya haina mvuto kwa wawekezaji, na ile ya kwanza "ilishafanya kazi". Tulibishana wiki mbili. Imeondolewa, lakini nimeambiwa wazi kwamba mkataba wangu utaangaliwa upya mwisho wa mwaka. Kwa mtu aliyeacha chuo na anayelipa nyumba Kitengela, hilo si jambo la kuchekea.

Sijasema mwekezaji asiongeleshwe. Pesa zake zinahitajika, mtambo wa kupoza haununuliwi kwa makofi. Ila nimejiwekea sharti moja: sitamwambia mwekezaji kitu ambacho siwezi kukicheza kwa sauti mbele ya watu ninaowaonyesha. Kama video haiwezi kuchezwa bomani, isichezwe ukumbini. Waliotengeneza M-Pesa walipata kujua la kusema kwa kuwatazama watu wa Thika na Nairobi wakitumia kitu chao, na mimi nina simu, nauli ya matatu hadi Kajiado na muda.

Kwa wenzangu mnaoshika kamera, hasa nyie mnaoanza: kabla hujabonyeza kurekodi, muulize anayekulipa lile swali la mama. Halafu muulize na uliyemwelekezea kamera. Majibu yakitofautiana, usianze kurekodi bado.