Zoezi Jeusi la Iran na Nidhamu ya Kurudia

Zipo karatasi za Iran za karne ya 19 ambazo hata msomaji hodari wa Kiajemi hawezi kuzisoma. Herufi zilezile zimerudiwa tena na tena, mistari imepandiana, mingine imekwenda mshazari na mingine kichwa chini, hadi wino ukabakiza vipenyo vidogo tu vya weupe. Hiyo ndiyo siyamashki, zoezi jeusi la mafundi wa hati. Leo, watu wengi wanaotafuta utulivu hujaza karatasi michoro inayojirudia kwa kalamu nyeusi, na ni rahisi kuiona siyamashki kama babu wa burudani hiyo. Lakini historia yake inadai zaidi. Utulivu wake ulitokana na kipimo, na kipimo hakipatikani bila kujitesa kidogo.

Hati ya nastaliki, iliyochipuka Iran katika karne ya 14 na ambayo mapokeo humtaja Mir Ali Tabrizi kuwa mwasisi wake, hupimwa kwa nukta. Fundi huchonga kalamu ya tete, huikata ncha mshazari, kisha huikandamiza karatasini ikatoa nukta yenye pembe nne. Nukta hiyo ndiyo rula: urefu wa herufi, kina cha tumbo lake na mkunjo wa mkia wake vyote huhesabiwa kwa nukta za kalamu ileile. Wino hutengenezwa kwa masizi na gundi ya mgunga, na ndani ya kidau huwekwa nyuzi za hariri ili kalamu isibebe wino kupita kiasi. Baba Shah Isfahani, katika risala yake ya karne ya 16 kuhusu adabu za mazoezi, alitaja zoezi la kutazama kazi za mabingwa, zoezi la kuziiga kwa kalamu, na zoezi la kuandika kwa kubuni mwenyewe. Jicho lilifunzwa kabla ya mkono, na uhuru ulikuja baada ya utii.

Wapo watakaosema kwamba weusi huo ulikuwa ubahili tu: karatasi ilikuwa ghali, basi mwanafunzi akaitumia hadi pembeni. Kwa mwanzo wake, maelezo hayo yana mantiki. Hayatoshi, hata hivyo, kueleza kilichofuata. Mazoezi ya Mir Emad, bingwa wa nastaliki aliyeuawa Isfahan mwaka 1615, yalihifadhiwa na wapenzi wa hati. Katika karne ya 19, Mirza Gholamreza Isfahani alitunga siyamashki kwa makusudi, akazitia saini. Nyingine za zama hizo zilipambwa kwa dhahabu. Mbahili wa karatasi hapambi zoezi lake kwa dhahabu. Ni wazi kwamba zoezi lilikwisha kuwa kazi kamili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: herufi iliumbwa ibebe neno, hivyo kuirundika hadi isisomeke ni kuivunjia heshima. Lakini neno linaporudiwa sana, akili huacha kukimbilia maana na kugeukia umbo. Mwenye dhikri analijua hilo. Jina analolitaja mara mia halimpi habari mpya, linamkusanya moyo. Vivyo hivyo, fundi anayeandika mkunjo uleule huona tofauti ndogo ambazo asingeziona katika shairi lililokamilika. Kurudia kunamfunza kwa sababu kila herufi ina kosa lake, na kosa hilo linaonekana kwa kuwa kipimo kipo.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaohubiri kuchora bila kufikiri. Mistari ya ovyo inaweza kupumzisha, na kupumzika si haba. Ila anayetaka kile walichokipata mafundi wa Iran achague umbo moja, ajiwekee kipimo, awe na mfano bora mbele yake, kisha akubali kusahihishwa na kila mstari anaouandika.