Gazeti Katika Tanbihi za Wanasheria

Mnamo Desemba 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika Harvard Law Review makala ya kutetea haki ya faragha. Waliyashambulia magazeti kwa umbea wao, lakini magazeti hayohayo ndiyo yaliyowapa mmojawapo wa mifano yao bora. Mwigizaji Marion Manola alikuwa amepigwa picha kwa siri, kwa taa ya mmweko, akiwa jukwaani Broadway Theatre na vazi la kubana miguu. Mahakama ilitoa zuio la muda baada ya kusikiliza upande wake tu, na siku ya kujadili zuio la kudumu hakuna aliyetokea kupinga. Kwa habari za shauri hilo, tanbihi yao inamwelekeza msomaji kwenye New York Times ya Juni 15, 18 na 21, basi; ukurasa autafute mwenyewe. Scribner's Magazine ya Julai ilipata heshima zaidi: jina la mwandishi, E. L. Godkin, kichwa cha makala na kurasa.

Utaratibu wa pamoja ulikuja na kijitabu cha wanafunzi wa Harvard cha mwaka 1926, ambacho baadaye kilijulikana kama Bluebook. Kanuni zake, jinsi zilivyokua toleo baada ya toleo, zinaonekana za kiholela mpaka mtu atazame namna machapisho yanavyohesabu kurasa. Jarida la sheria huendeleza namba za kurasa kutoka toleo hadi toleo katika juzuu nzima, kwa hiyo 4 Harv. L. Rev. 193 (1890) inatosha kuifikia makala ya Warren na Brandeis. Jarida la kawaida huanza ukurasa wa 1 kila toleo; bila tarehe kamili, namba ya ukurasa haimfikishi mtu popote. Gazeti nalo hutajiwa tarehe, pamoja na ukurasa habari inapoanzia tu.

Uingereza ilichelewa. Mwongozo wa Oxford, OSCOLA, ulioasisiwa na Peter Birks mwaka 2000, uliweka ndani ya mabano mji wa gazeti pamoja na tarehe. Mji huo una kazi yake, kwani The Guardian huchapishwa London, Lagos na Dar es Salaam, na ni magazeti matatu tofauti.